Kukagua nyamapori kabla haijaingia buchani: mwongozo kutoka Bagamoyo

Tangu bucha za nyamapori ziruhusiwe, vijana wanaoingia kwenye biashara hii huniuliza watazame nini kwenye paja la nyati au pofu. Nawajibu: nileteeni matumbo yake. Paja lililochunwa vizuri halisemi kitu. Ng'ombe wa machinjioni nimemwona amesimama, nikamtazama anavyopumua na anavyotembea. Mnyama wa porini sikumwona akiwa hai. Ushahidi uliobaki uko kichwani, kifuani na tumboni mwake, na kinywani mwa aliyempiga. Kwa hiyo nyama iliyokuja bila ini lake siikagui, na isiyokaguliwa haiuzwi.

Uwe na gambuti, aproni, glovu, tochi na visu viwili. Kimoja kikifanya kazi, kingine kikae kwenye maji ya moto ya nyuzi 82.

Hatua ya 1: Karatasi kwanza, maswali baadaye

Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, ukikutwa na nyama ya porini bila kibali umekutwa na nyara za Serikali. Linganisha leseni ya uwindaji na mnyama aliye mbele yako: aina, jinsia, idadi. Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005 na haiwindwi, basi mtu akikunong'oneza kwamba ana swala wa huko, mazungumzo yameishia hapo. Na aliyegongwa na lori barabara ya Msata si kitoweo. Utumbo umeshapasukia ndani, na saa aliyokufa haijulikani.

Sasa mkalishe mwindaji. Alimpiga saa ngapi na sehemu gani? Alikimbia kwa muda gani kabla ya kuanguka? Alimpasua tumbo saa ngapi? Alikuwa na kundi au amejitenga? Alikonda, alichechemea, alitokwa na udenda? Mnyama wa porini asiyemkimbia mtu mchukulie kuwa mgonjwa. Kichaa cha mbwa nacho huwapata. "Alikuwa mzima tu, mzee" si jibu, uliza tena.

Huku pwani kuna swali jingine ambalo wateja watakuuliza: risasi ilipigwa kwa bismillahi? Na kama alikutwa bado yu hai, alichinjwa? Liandike jibu ulilopewa, usilitunge. Ngiri awe na meza yake, ndoano zake na visu vyake.

Hatua ya 2: Macho kabla ya kisu

Zunguka mnyama mzima bila kumgusa. Angalia pua, mdomo na njia ya haja kubwa. Damu nyeusi isiyoganda, tumbo lililojaa upesi kupita kiasi, mwili usiokakamaa: yoyote kati ya hizo ikutoshe kusimamisha kazi, maana huenda ni kimeta. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa huu uliua nyumbu huko Monduli, kwa hiyo usidhani ni habari za vitabuni.

Ukishuku kimeta, usipasue. Vimelea vilivyomo kwenye damu vikipata hewa hujitengenezea ganda gumu, na vikishakuwa hivyo hukaa ardhini miaka kwa makumi. Ukipasua ili uhakikishe, umechafua uwanja mzima. Wazuie watu na mbwa, mpigie afisa mifugo, yeye ndiye atakayechukua sampuli na kusimamia uchomaji au uzikaji.

Hatua ya 3: Kichwa

Fungua mdomo. Tafuta vidonda kwenye ulimi na fizi, kisha tazama na katikati ya kwato, maana ugonjwa wa miguu na midomo huacha alama huko pia. Pasua tezi zilizo nyuma ya koromeo. Kwa nyati hapa usiwe na haraka: kifua kikuu mara nyingi huanza kuonekana kwenye tezi hizi. Tezi nzima ni laini na ya rangi moja. Ukikuta usaha mkavu wa manjano unaokwaruza kisu, weka kila kitu kando mpaka uone mapafu.

Kata pia msuli wa taya mara mbili tatu, ukitafuta vifuko vya maji vya minyoo ya tegu.

Hatua ya 4: Viungo vya ndani

Hapa ndipo muda wako uishie. Vyote viwe na namba ya mnyama vilikotoka, kwa sababu beseni moja lenye maini ya swala watatu halina maana yoyote kwangu.

*Mapafu.* Usiyatazame tu, yaminye kwa vidole toka juu hadi chini. Pafu zima linabonyea lote sawasawa. Uvimbe utausikia mkononi kabla hujauona. Pasua tezi zilizo katikati. Usaha kama ule wa kichwani ukionekana na hapa, nyama yote inakataliwa.

*Ini.* Lilaze, pasua mirija ya nyongo upande wa chini. Minyoo bapa ikitoka, ini linatupwa, ila nyama inaweza kupita kama mnyama hakukonda. Vifuko vikubwa vya maji, kwenye ini au mapafu, usivitumbue na usimtupie mbwa hata kipande. Mbwa akila, mayai ya minyoo hiyo yatatoka kwenye kinyesi chake na kuishia kwa watoto wanaocheza naye. Madoa meupe mengi yaliyosambaa kwenye ini zima yananitia wasiwasi kuliko jipu moja kubwa, maana ni dalili kwamba ugonjwa umepita kwenye damu.

*Wengu.* Likiwa limevimba, jeusi na linalomwagika likikatwa, rudi hatua ya 2: acha kisu hapohapo, funga eneo, piga simu.

*Moyo.* Upasue, utazame ndani na kwenye misuli yake. Vifuko vya tegu hupenda moyo, ulimi, taya na kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo. Kwa swala, mara nyingi ni vya tegu wanaokaa tumboni mwa simba na fisi, si wa binadamu. Hata hivyo vikijaa kila unapokata, siipitishi.

*Figo na utumbo.* Vikague haraka. Kwenye utumbo, kikubwa ni kujua kama risasi iliutoboa.

Hatua ya 5: Mwili

Mning'inize, mmulike kwa tochi mpaka ndani ya mbavu. Ngozi nyembamba ya kifua na tumbo inatakiwa ing'ae. Ikiwa ya kijani, au ina mabaki ya kinyesi, kata hiyo sehemu kwa kisu, usiisugue kwa maji. Maji yatakutandazia uchafu hadi kwenye minofu.

Tundu la risasi likate kwa upana. Risasi ya madini ya risasi huvunjika vipande vidogo visivyoonekana, na huruka mbali na tundu, kwa hiyo nyama yote yenye damu iliyovilia iondoke, hata mwenye mali akinung'unika. Atanung'unika.

Nyama nyeusi inayonata ni ya mnyama aliyekimbizwa sana. Ameunguza sukari yote ya misuli, hivyo asidi inayosaidia kuitunza nyama haikutengenezeka. Si sumu, lakini haikai. Kama una shaka na harufu, chemsha kipande kwenye sufuria iliyofunikwa, funua, nusa. Mvuke haudanganyi.

Ngiri ana mambo yake. Minyoo ya trikinela haionekani kwa macho, inahitaji maabara, na chumvi au moshi si dawa ya kuaminika. Mteja aambiwe aipike mpaka isibaki na wekundu. Tena anaweza kubeba homa ya nguruwe ya Afrika bila dalili. Haimdhuru mtu, ila masalia yake yakifika bandani yanaweza kuua nguruwe wote.

Hatua ya 6: Baridi na uamuzi

Kwa joto letu, mnyama aliyekaa na tumbo lake mchana kutwa sina haja ya kumjadili. Nyama ifike nyuzi 7 au chini, viungo vya ndani nyuzi 3. Chomeka kipimajoto katikati ya paja, karibu na mfupa, si juu juu. Ukuta wa chumba cha baridi unaweza kusoma 2 wakati paja bado lina 20.

Kisha amua: inapita, inapita baada ya kukatwa sehemu, au inakataliwa. Ziandike sababu pamoja na namba ya mnyama. Iliyokataliwa ikatekate, imwagie mafuta ya taa kabla ya kuizika, shimo liwe refu kuliko kimo cha mtu, na usiondoke mpaka lifukiwe.