Somo: Kusikiliza radi za mbali ukiwa Bukavu, na kupima kimo cha ionosfera kwa simu

Wengi wanaofika kwenye somo hili wameshaona video za Kanada au Finland, na wanataka kusikia wisila: ule mlio unaoanzia juu na kushuka polepole kwa sekunde moja au mbili. Bukavu usiungoje. Wisila huzaliwa na radi. Wimbi lake la redio hupenya ionosfera (tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme), hufuata mstari wa sumaku ya dunia maelfu ya kilomita ndani ya magnetosfera (eneo linalotawaliwa na sumaku hiyo), kisha hushukia upande wa pili wa dunia. Njiani masafa ya juu (masafa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, Hz) huwahi na ya chini huchelewa, ndiyo maana sauti inashuka. Mjerumani Heinrich Barkhausen aliandika habari zake mwaka 1919, baada ya milio hiyo kuingia kwenye mitambo ya kudukua simu za adui wakati wa Vita vya Kwanza. Njia yenyewe ilielezwa na L. R. O. Storey wa Cambridge mwaka 1953. Sasa, ikweta ya sumaku inapita kaskazini yetu, pande za Ethiopia. Mstari wa sumaku unaotoka hapa unapanda kilomita mia kadhaa tu, halafu unarudi chini. Hauna safari ya kutosha kulitengeneza wisila.

Tulicho nacho ni radi zenyewe. Utafiti wa data za setilaiti ya TRMM uliotoka mwaka 2016 uliiweka Kabare, hapo juu yetu, nafasi ya pili duniani: radi kama 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake ndilo lililotupita, na 232 hivi. Kwa hiyo kazi inayotufaa ni twiki, na mimi sioni kwamba ni kazi ndogo kuliko wisila, kwa sababu twiki inakupa kipimo.

Twiki ni nini? Radi ikipiga mbali, wimbi lake hubanwa kati ya ardhi na ionosfera na kukimbia humo kama kwenye bomba. Masafa yenye urefu wa wimbi uliozidi mara mbili ya kimo cha bomba hayapiti kwa namna hiyo, na yaliyo juu kidogo tu ya mpaka huo yanajikokota. Mchana tabaka la chini la ionosfera linayameza. Usiku tabaka hilo linafifia, dari inapanda mpaka karibu kilomita 90, na badala ya «ta!» kavu unasikia «tyuu» yenye mkia.

Hatua ya kwanza, kipokezi. Hiki si kitu cha kununua dukani. Tafuta transista ya JFET, BF245 au 2N3819. Mafundi wa redio wa Kadutu wanazitoa kwenye mbao za mashine zilizokufa. Mguu wa dreni unaenda moja kwa moja kwenye + ya betri ya 9 V. Mguu wa sosi unashuka kwenye masi (waya wa ardhini, unaoungana pia na − ya betri) kupitia resista ya 4.7 kΩ. Kwenye geti, mguu wa tatu, weka resista ya 10 MΩ kwenda masi, na antena iingie getini kupitia resista ya 100 kΩ. Sauti unaichukua kwenye sosi, kupitia kapasita ya 1 µF isiyo na upande wa + wala −, hadi tundu la maikrofoni la simu au kompyuta. Antena ni waya mgumu wa mita moja na nusu, umesimama, haugusi kitu. Usiweke waya mrefu ukidhani unaongeza nguvu. Waya mfupi huu una kapasitansi (uwezo wa kubeba chaji) ya kama 15 pF, na 15 pF ikikutana na 10 MΩ inaanza kukata chini ya 1,000 Hz hivi, yaani mvumo wa 50 Hz wa umeme wa nyumbani unapungua bila kichujio chochote. Hiyo 100 kΩ nayo inazuia redio za mjini zisiingie. Iunge kwa risasi karibu kabisa na geti, milimita chache. Ukiiacha mwisho wa waya haina faida.

Masi ni kipande cha chuma kilichopigwa kwenye udongo wenye unyevu. Mkono wako ukigusa waya wa masi unasaidia pia.

Hatua ya pili, mahali na saa. Delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu, ambayo kila mtu anailalamikia, hapa ni rafiki: mtaa mzima ukizimika, mvumo unapotea na anga linafunguka masikioni. Ila jenereta, konvetisa (kifaa kinachogeuza umeme wa betri) na kidhibiti cha sola cha jirani vinaweza kuharibu kila kitu, kwa hiyo zungukazunguka kwenye parseli mpaka upate kona tulivu. Jiepushe na nyaya kubwa za umeme zinazotoka Ruzizi. Anza baada ya saa moja na nusu jioni, giza likishaingia. Usiku mzuri ni wa kiangazi, Juni hadi Agosti, wakati mvua zimehamia kaskazini. Radi ya karibu inalewesha kipokezi, unabaki na mlio kama wa sambaza, wale dagaa wa ziwani, zinazokaangwa na hakuna kingine.

Na hapa sina mzaha. Ukisikia ngurumo kwa sikio lako, chomoa antena, ingia ndani. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, gawa kwa tatu, hizo ni kilomita. Zikiwa kumi au chini ya hapo, somo la leo limeisha.

Hatua ya tatu, kurekodi. WAV, 48,000 Hz, na uzime ile programu ya simu inayopandisha na kushusha sauti yenyewe. Dakika mbili au tatu zinatosha.

Hatua ya nne ndiyo tamu. Fungua faili kwenye programu ya Audacity, badilisha mwonekano uwe spektrogramu (picha ya masafa kadiri muda unavyokwenda), onyesha 0 hadi 5 kHz. Radi za kawaida ni mistari iliyosimama wima. Twiki ni mstari wima ambao chini unapinda kwenda kulia, kisha unalala karibu na 1.7 kHz. Soma pale unapolala. Chukua 150,000, gawa kwa idadi hiyo ya Hz, jibu ni kimo kwa kilomita. Ukisoma 1,720 Hz, dari iko kilomita 87. Ukisoma 1,680, iko 89.

Kuhusu dirisha la spektrogramu (idadi ya sampuli zinazopimwa kwa mkupuo mmoja), wengi wanaweka kubwa wakidhani ndiyo usahihi. Kwa 48,000 Hz, dirisha la 1,024 linakupa hatua za 47 Hz, sawa na makosa ya kilomita mbili na kitu. La 2,048 linapunguza hatua hadi 23 Hz, lakini sasa kila kipimo kinakula milisekunde 43, na twiki nyingi zimekwisha kabla ya hapo. Mkia unakuwa doa. Bakia 1,024, soma twiki ishirini, chukua wastani.

MASWALI

Kutoka Kadutu: Yaya, JFET imekosekana. Hakuna njia nyingine?
Ipo. Fremu ya mbao ya mita moja kwa moja, mizunguko hamsini au zaidi ya waya wa shaba kutoka kwa fundi wa bobina, ncha mbili kwenye maikrofoni ya kompyuta. Radi kali utazisikia. Twiki hafifu zitakupita. Ukizungusha fremu, mvumo wa umeme unapungua upande mmoja, utafute.

Kutoka Panzi: Mwalimu, kusimama na antena usiku si kujitafutia matatizo?
Ndiyo, ukienda mlimani. Mimi nasema baki ndani ya parseli, mwonyeshe shefu wa avenyu kifaa mchana kabla hujaanza, na umweleze kwamba kinapokea tu, hakitumi chochote. Usiku wenye wasiwasi, acha. Twiki zitakuwepo kesho.

Kutoka Bagira: Nilikutumia sauti kwa WhatsApp, mbona unasema hakuna kitu?
Kwa sababu WhatsApp imeibana kama maongezi ya watu. Itume kama dokumenti.

Kutoka Ibanda: Juu, kwenye 19.8 kHz, naona mstari ulionyooka usioisha. Ni kifaa kibovu?
Hapana, hongera. Hicho ni NWC, kituo cha jeshi la majini kule Australia Magharibi kinachozungumza na manowari. Fuatilia nguvu yake jua linapozama na linapochomoza: inabadilika pamoja na ionosfera.

Kutoka Goma: Je, hii inaweza kutuonya kabla ya Nyiragongo au tetemeko?
Usiitegemee hata kidogo. Wafaransa walirusha setilaiti DEMETER mwaka 2004 kutafuta dalili kama hizo, na mpaka leo hakuna onyo la kuaminika lililotokana na mawimbi haya. Habari za volkano zinatoka kwenye vipima-mitetemo vya OVG, kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma.

Kutoka Lubumbashi: Sisi tuko kusini zaidi. Wisila tutasikia?
Mna nafasi kuliko sisi, maana mko mbali zaidi na ikweta ya sumaku, lakini bado ni latitudo ya chini. Huko India na Japani wamezinasa kwenye latitudo kama hizo, kwa nadra, na huwa fupi. Rekodini usiku kucha, msikae mkisikiliza. Tafuteni kwenye spektrogramu asubuhi. Mkiona upinde unaoshuka kutoka 6 kHz bila kulala kwenye 1.7, nitumieni faili zima, lisikatwe, pamoja na saa mliyoanza.