Namna ya kuipokea barua ya kupunguzwa kazini ukiwa na miaka 25, 40 au 53

Barua ya kupunguzwa kazini huandikwa kwa maneno yale yale kwa kila mfanyakazi, lakini vitu ambavyo kila mmoja anapaswa kuvilinda havifanani. Mimi nimepunguzwa mara mbili katika kazi za mifumo ya kompyuta. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka 26. Nilikabidhi kompyuta mpakato saa nne asubuhi, na jioni nikawa nimekaa Nyerere Square na wenzangu tukitaniana. Mara ya pili nilikuwa na miaka 43, nikakaa ndani ya gari nje ya geti la shule, nikipiga hesabu ya ada nyuma ya ile barua yenyewe.

Anza kwa kuuliza sababu, na uulize kwa maandishi. Wimbi la kupunguza wafanyakazi wa teknolojia lililovuma zaidi lilitokea Marekani, ambako Meta iliwaondoa watu wapatao 11,000 Novemba 2022 na Alphabet, kampuni mama ya Google, ikatangaza kuondoa 12,000 Januari 2023, baada ya kuajiri kwa kasi wakati wa UVIKO-19 na kisha riba kupanda. Lilifika hadi Accra, ambako ofisi changa ya Twitter ilipoteza karibu wafanyakazi wake wote. Hapa Dodoma, Tanzania, sababu huwa ya karibu zaidi: kampuni inayoishi kwa mkataba wa wizara au taasisi fulani huyumba pale mwaka wa fedha unapoanza tarehe 1 Julai na mkataba haujahuishwa. Ukiijua sababu, utajua kama kuna la kujadiliana au hakuna.

Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio lake mapema, aweke wazi taarifa zinazohusika, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kuhusu sababu za kupunguza, njia za kuepuka, vigezo vya kuwachagua watakaoondoka, muda, na kiinua mgongo, yaani malipo ya kuachishwa kazi. Mkiambiwa mchague wawakilishi wa kuingia kwenye kikao hicho, msiwapeleke wazungumzaji hodari watupu. Pelekeni kijana, mwenye familia changa, na mmoja aliyekaribia kustaafu, kwa sababu kila mmoja atakumbuka kudai jambo ambalo wenzake hawaliwazi kabisa.

Kwa umri wowote, usikubali kuandika barua ya kuacha kazi eti ili "jina lako libaki safi". Aliyeacha kwa hiari hapati kiinua mgongo kinachotokana na kuachishwa, wala hastahili fao la kukosa ajira la NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Ushauri huo hutolewa kwa sauti ya upole sana, na mara nyingi hupewa vijana.

Kijana huwa wa kwanza kuguswa, kwa kuwa kigezo cha aliyeingia mwisho kutoka kwanza kinapendwa na waajiri. Fedha atakazopata si nyingi. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, na lazima awe ametumikia angalau miezi 12 mfululizo, hivyo aliyefanya kazi miaka miwili na miezi 11 anahesabiwa miwili tu. Ambaye hajatimiza miezi sita hawezi hata kufungua shauri la kuachishwa isivyo halali. Mwenye mkataba wa muda maalumu asome tarehe ya mwisho: mkataba uliokwisha wenyewe ni jambo moja, na uliokatizwa katikati ni jingine, kwani huo wa pili unaweza kumpa hoja ya kudai mshahara wa kipindi kilichobaki.

Kwa maoni yangu, kijana anapaswa kupigania karatasi kuliko pesa. Cheti cha utumishi ni haki yake kisheria, lakini aombe zaidi ya hapo: barua inayotaja mifumo aliyoijenga na sehemu aliyoishika yeye, kwa sababu msimbo wote (code) aliouandika utabaki kwa mwajiri na hatakuwa na cha kuonyesha. Kama alikuwa akikatwa asilimia 15 ya mshahara kulipia mkopo wa elimu ya juu, aijulishe Bodi ya Mikopo kwamba mwajiri huyo hamkati tena.

Mtu wa makamo ndiye mwenye mambo mengi, na ndiye anayeyaficha. Nimemjua mwenzetu aliyeendelea kuvaa shati la kazini na kutoka nyumbani Nzuguni kila asubuhi kwa wiki tatu, huku fundi akiendelea kununuliwa saruji kwa nyumba iliyokuwa imefika lenta. Mwambie mwenzi wako siku hiyo hiyo, kisha msimamisheni fundi, maana nyumba iliyoishia kwenye lenta inaweza kusubiri mwaka mzima.

Jambo la pili ni Saccos ya kazini, yaani chama cha kuweka akiba na kukopa. Wadhamini wako ni wafanyakazi wenzako, nao wameshika barua kama yako, hivyo deni moja linaweza kuwaangukia watu wanne wasio na mshahara. Nendeni ofisi ya Saccos kwa pamoja kabla ya malipo ya mwisho kuingia, mkaombe ratiba mpya, badala ya kila mmoja kusubiri akiba yake ikatwe kufidia deni la mwenzake. Kwa mkopo wa benki, uliza kama ulikatiwa bima na kama bima hiyo inahusu kupoteza ajira. Ulizia pia siku ambayo kadi ya bima ya afya itakoma, na matibabu ya mtoto yaliyokuwa yakiahirishwa yafanyike kabla yake. Ukipewa nafasi nyingine kwa mwajiri huyo huyo au kwingine, usiikatae kwa hasira, kwa sababu kuikataa bila sababu ya msingi kunaweza kukuondolea kiinua mgongo.

Kwa aliyevuka miaka 50, sheria ina ukomo unaouma: miaka inayohesabiwa haizidi 10. Aliyetumikia miaka 17 anastahili, kwa kiwango cha chini cha kisheria, mshahara wa siku 70 tu, sawa na aliyetumikia 10. Ni kiwango cha chini, si cha juu, kwa hiyo hoja ya miaka saba iliyoachwa nje ipelekwe kwenye kikao cha mashauriano, kabla hakijafungwa. Kisha apate taarifa ya michango yake NSSF na kuhesabu miezi, si miaka, kwa kuwa pensheni ya uzeeni inadai michango ya miezi 180 na kustaafu kwa hiari huanzia miaka 55. Mwenye miezi 160 anayekimbilia kutoa fedha zake anajiuzia pensheni kwa bei ya gari kuukuu. Aulize kwanza utaratibu wa kuchangia mwenyewe. Na kama kuna miezi ambayo mwajiri alikata bila kuwasilisha, ailalamikie wakati kampuni bado ina ofisi na mhasibu.

Anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, kwa kujaza fomu namba 1. Vijana huzipoteza siku hizo wakituma maombi ya kazi. Wazee huzipoteza wakisubiri kuitwa. Mmoja wao, aliyezitunza seva zetu tangu nilipokuwa sijui hata kuziwasha, alipokea barua yake kutoka kwa kijana wa rasilimali watu aliyemwamkia shikamoo na kumkabidhi kwa mikono miwili, akimwambia kwamba mradi ukirudi ataitwa. Alifika Tume siku ya 34, akapewa kwanza fomu namba 2, ya kuomba kuongezewa muda, akatakiwa aeleze sababu za kuchelewa siku nne.