Jinsi ya kupata wavunaji wa kahawa kando ya Ziwa Kivu

Mwongozo huu ni wa mwenye shamba la kahawa ya arabika upande wa Kabare, Katana, Kalehe au Idjwi, huku Kivu ya Kusini, Kongo, ambaye mikono ya nyumbani haimtoshi. Mavuno makubwa kwetu huwa kati ya Machi na Juni. Tafuta watu mapema, tunda likiwa bado kijani. Kahawa ikishakuwa nyekundu, kila shamba la mlimani linawaita mama walewale siku ileile.

1. Hesabu kilo kabla ya kuhesabu watu

Chukua mfano wa hekta moja yenye mibuni 2,500, kila mmoja ukitoa kilo 2 za matunda. Hizo ni kilo 5,000 kwa msimu. Mibuni haiivi kwa mara moja. Utapita kila mstari tena baada ya siku 10 hadi 14, na mzunguko mkubwa unaweza kuleta robo ya mavuno yote, yaani kilo 1,250. Ukitaka kuumaliza mzunguko huo kwa siku tano, mvunaji wa kilo 40 kwa siku atakuletea kilo 200. Basi unahitaji watu saba.

Kisha angalia mashine yako ya kumenyea. Matunda yaliyochumwa leo yamenywe leo, yakilala kwenye gunia yanachachuka. Kama mashine haiwezi kumaliza kilo 280 za watu hao saba kwa jioni moja, punguza watu na ongeza siku.

2. Nenda kijijini

Anza kwa chefu wa kijiji, umweleze kazi, muda na malipo. Halafu yaseme hayohayo mbele ya watu wote, baada ya misa au siku ya soko, kwa Kiswahili na kwa lugha ya pale, kama vile Mashi. Chukua wanaoweza kufika kwa miguu. Aliye chini ya miaka 18 usimwandike, hata mama yake akimleta mwenyewe.

Kumbuka kwamba mwezi wa tatu mama wengi bado wako kwenye maharage ya msimu B, yaani msimu wa pili wa kilimo. Ukidai siku nzima, utawakosa. Waite asubuhi tu mpaka palizi ipungue.

Neno moja kuhusu kapita, yaani msimamizi wa wavunaji. Asiwe yeye peke yake anayeamua nani apate kazi. Pale anapoachiwa orodha, mama maskini huishia kulipa ili aandikwe, au kudaiwa kitu kibaya zaidi ya makuta, yaani pesa. Orodha iandike wewe, na watu wajue wamlalamikie nani.

3. Amua malipo yatakayokuletea kahawa nyekundu

Hapa ndipo msimu unapopona au kuharibika. Ukilipa kwa kilo bila kuchambua, mtu atakokota tawi lote, mabichi na mabivu, kwa sababu mizani haioni rangi. Ukilipa kwa siku peke yake, mwenye bidii atapunguza mwendo alingane na mzembe.

Mimi napendelea kilo, lakini iliyochambuliwa. Kila mvunaji anamwaga kikapu chake juu ya turubai, anatoa ya kijani, na yanayoelea kwenye maji yanaondolewa. Yaliyobaki ndiyo yanapimwa. Uchambuzi huu una faida kubwa huku kwetu, maana mdudu antestia hutoboa tunda na anahusishwa na ile ladha ya kiazi kibichi inayowafukuza wanunuzi. Lakini kuchambua ni kazi, na kazi hulipwa: bei ya kilo iwe ya juu kiasi cha kufidia saa hiyo. Weka pia malipo ya chini ya siku, ili mvua ikikatiza kazi mtu asirudi nyumbani mikono mitupu.

4. Andika mkataba

Kanuni ya kazi ya Kongo, sheria namba 015/2002, inasema mtu wa kazi ya siku kwa siku akishatimiza siku 22 ndani ya miezi miwili, ukimchukua tena kabla ya miezi hiyo kwisha anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Mavuno yanapita siku hizo kwa urahisi. Kwa hiyo fanya mkataba wa kazi ya msimu: jina, kazi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, malipo. Kazi ya msimu inaruhusiwa kurudiwa mwaka hadi mwaka. Msomee mtu kwa lugha yake kabla hajatia kidole, na umwachie nakala.

5. Asubuhi ya kwanza

Onyesha kwa mkono. Tunda linazungushwa na kuchumwa moja moja, bila kung'oa kikonyo, ili tawi lisijeruhiwe. «Mama, hii ya rangi ya chungwa iache, tutairudia.» Mwenye mtoto mgongoni mpe mstari wa karibu na kivuli. Maji ya kunywa yawe shambani.

6. Pima mbele yao

Jaribu mizani kwa jiwe lenye uzito unaojulikana, kila mtu akiona. Andika kilo kwenye daftari lako na kwenye kikaratasi chake. Lipa siku uliyoahidi, kwa noti ndogo. Mwezi wa nne wengi wanatafuta karo ya sekondari, na kuchelewesha Jumamosi moja kunawapeleka kwa jirani.

Siku ya malipo ya mwisho muulize kila mmoja kama atarudi, andika jibu na namba ya simu kando ya jina lake. Januari anza na hao, ndipo uende kwa chefu kuomba wapya.