Namna ya kupima kama mwendelezo wa mchezo wa video unastahili fedha zako
Kabla ya kununua mwendelezo wa mchezo ulioupenda, usianze na ubora wa picha, kwa kuwa huo ndio unaotangulizwa na matangazo. Jiulize kwanza ni kitendo gani mchezaji anaweza kukifanya sasa ambacho hapo awali hakikuwezekana. Chukua mfano wa Tears of the Kingdom, uliotolewa na Nintendo mwaka 2023 kwa dola 70 nchini Marekani, yaani dola 10 zaidi ya Breath of the Wild wa mwaka 2017, mchezo unaouendeleza. Ardhi ya Hyrule, nchi ya kubuni ya michezo hiyo, ni ile ile kwa sehemu kubwa, lakini sasa Link, mhusika anayeongozwa na mchezaji, anaweza kuunganisha mbao, magurudumu na feni akaunda gari au chombo cha kuruka, hivyo mto uliokuwa kizuizi hugeuka kuwa fumbo lenye majibu mengi. Kwangu mimi, upya huo una uzito kuliko ramani ngeni yenye kazi zile zile. Kisha tazama video ya mtu akicheza saa za katikati, si za mwanzo, maana mwanzoni ndipo watengenezaji hurundika vivutio vyao; ukiona anarudia mbinu za mchezo uliotangulia bila kulazimika kufikiri upya, subiri bei ishuke.