Kabla Njaa Haijabisha Hodi: Mambo ya Kuzingatia Katika Akiba ya Chakula ya Nchi

Nchi ikishaishiwa nafaka, hununua kwa bei ya mwenye shida. Tanzania ililiona hilo 1973 na 1974, ukame ulipogongana na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, na fedha za kigeni zikaishia kwenye chakula cha kutoka nje. Maandalizi yana msimu wake: miezi ya mavuno, mahindi ya Rukwa na Ruvuma yakiwa bado yako uwanjani na bei iko chini.

Kabla ya kuuliza maghala yetu yana ukubwa gani, tuulize mahindi yaliyomo yamekauka kiasi gani. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Mkulima asiye na kipimo achukue chupa ya soda iliyokauka kabisa, atie mahindi mpaka theluthi, aongeze vijiko viwili vya chumvi kavu, aifunge, aitikise dakika moja kisha aiache robo saa. Chumvi iking'ang'ania ubavuni mwa chupa, mahindi bado mabichi. Yarudi juani, juu ya turubai, si juu ya udongo. Isipong'ang'ania, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15, lakini huenda haujafika 13.5, hivyo siku nyingine ya jua kali haitaharibu kitu. Nasisitiza hili kwa sababu sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu, haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na walichokula kilikuwa mahindi. Gunia la namna hiyo lisihesabiwe kwenye akiba kamwe.

Halafu kuna dumuzi, mdudu anayetoboa na kula mahindi ghalani. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati, akagundulika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na inaaminika aliingia na mahindi yaliyoagizwa. Wakulima walimwita Scania, kama lile lori. Kwa hiyo shehena ya msaada nayo ikaguliwe bandarini, hata kama watu wana njaa. Nyumbani, mifuko isiyopitisha hewa humkosesha pumzi bila dawa, mradi ifungwe vizuri na isitobolewe.

Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, anayenunua nafaka kwa wakulima, apewe fedha mapema. Mkulima akikaa wiki kadhaa akisubiri malipo, mlanguzi aliye na taslimu mkononi ndiye atakayeondoka na mzigo. Maghala nayo yatawanywe: mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilikata barabara na reli, na mahindi yaliyoko Songea hayamsaidii mtu wa Shinyanga kama lori halipiti. Ngano ni udhaifu wetu mwingine, maana nyingi tunaagiza. Vita vya Ukraine 2022 vilitukumbusha. Kanda kavu zisiache mtama na muhogo zikikimbilia mahindi.

La mwisho ni daftari la mtendaji wa kijiji. Liwe na kaya zote, wajane, wazee wanaoishi peke yao, watoto wanaolea wenzao. Orodha ikianza kuandikwa siku lori la chakula linaposhusha, wenye sauti kubwa ndio huandikwa kwanza. Iandikwe sasa, isomwe kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji, na aliyeachwa apate nafasi ya kusimama na kusema.