Serikali Ikipatana na Kiwanda Kenya: Jinsi ya Kulinda Haki Yako ya Kushtaki

Kiwanda kimemwaga sumu mtoni, NEMA (Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira) imeingilia kati, kisha mnasikia wamepatana: kiwanda kitalipa faini, kitajenga mtambo wa kusafisha majitaka, na mambo yaishe. Wakazi wengi hukata tamaa hapo wakidhani kesi yao imekufa. Haijafa. Serikali inaweza kumaliza madai yake yenyewe, lakini haiwezi kumsamehe mchafuzi kwa niaba yako kwa madhara yaliyoingia mwilini mwa mtoto wako.

Kwanza itafute hati yenyewe, usitegemee taarifa ya gazetini. Andikia taasisi husika ukitaja Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ina siku 21 za kujibu, na saa 48 ikiwa habari inagusa uhai wa mtu. Hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wa kupokelewa. Ukinyimwa, una siku 30 za kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Kama makubaliano yalisajiliwa mahakamani, omba nakala masjala.

Ukishaipata, tazama nani ametia sahihi na ni madai gani yamefutwa. Maneno “madai yote ya Mamlaka kuhusu majitaka” hayakugusi. “Madai yote ya mtu yeyote” yanatisha zaidi, ila asiyekuwa mhusika hafungwi na ahadi ya wenzake. Hatari halisi iko kwenye kifungu cha 7 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai: mtu akiendesha kesi kwa nia njema kuhusu haki ya umma, wote wanaoshiriki haki hiyo huhesabiwa kuwa walikuwemo. Basi ukiomba amri ileile ambayo NEMA tayari imeipata, utaambiwa jambo limekwisha kuamuliwa. Dawa yake ni kutenganisha madai. Eleza waziwazi kile ambacho makubaliano hayakugusa: gharama ya matibabu, ng’ombe waliokufa, mazao yaliyokauka, uchafuzi uliofanyika baada ya tarehe ya makubaliano.

Watu hupoteza haki zao zaidi kwenye karatasi ndogo kuliko kwenye ile hati kubwa. Baada ya mapatano, kiwanda huleta unga, tangi la maji au pesa kidogo, pamoja na fomu ya kupokelea. Chini ya fomu pameandikwa “malipo kamili na ya mwisho”. Ukitia sahihi au dole gumba hapo, umeifunga kesi yako kwa mkono wako mwenyewe. Waambie wazee wa mtaa mapema: fomu isomwe kwa sauti kwa lugha ya nyumbani, na maneno hayo yakatwe kwa kalamu, pande zote mbili zitie sahihi pembeni. Wakikataa kuyakata, msiipokee.

Kisha chagua mlango, kwa sababu kila mlango una saa yake. Kupinga leseni au uamuzi wa NEMA ni kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira, ndani ya siku 60. Kudai fidia ya madhara dhidi ya kampuni ni miaka 3. Dhidi ya serikali ni miezi 12 tu, na wengi huchelewa hapo. Haki ya mazingira safi, Kifungu cha 42 cha Katiba, hudaiwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kifungu cha 70 hakikulazimishi kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara. Ombi lako lisimame kweli juu ya Katiba, si juu ya leseni. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilisema masuala ya leseni yaanzie kwenye jopo. Mwishoni mwa 2023 ikafafanua kwamba kuwepo kwa jopo hakumzuii mtu kudai haki yake ya Kikatiba mahakamani.

Kama mazungumzo bado yanaendelea ndani ya ombi la kikatiba, usingoje. Omba kuingizwa kama mhusika mwenye maslahi. Mapatano hapo husajiliwa kwa idhini ya mahakama, na pingamizi lako husikika zaidi kabla ya muhuri kupigwa. Muhuri ukishapigwa, utalazimika kuonyesha ulaghai, njama, makosa au uvunjaji wa sheria, na huo ni mlima. Kesi ya jinai nayo haiondolewi na Mkurugenzi wa Mashtaka bila ruhusa ya mahakama (Kifungu cha 157 cha Katiba).

Ushahidi uanze leo. Kwa madini mazito, maabara iliyoidhinishwa ikupe chupa ya plastiki iliyooshwa kwa asidi. Chukua maji upande wa juu wa mto, kabla ya bomba la kiwanda, na upande wa chini, baada ya bomba. Bila sampuli ya juu, kiwanda kitasema uchafu ulitoka kwingine. Andika tarehe, saa na mahali, funga kwa lakiri, na kila anayeipokea atie sahihi. Mtoto akipatikana na mikrogramu 5 za madini ya risasi (lead) au zaidi kwa desilita ya damu, Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe. Itunze karatasi ya majibu ya kipimo hicho.

Wala usiiache serikali nje ya orodha ya washtakiwa. Katika kesi ya sumu ya risasi ya mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, hukumu ya 2020 iliwapa wakazi Sh1.3 bilioni, na NEMA ilikuwa miongoni mwa waliopatikana na lawama. Mahakama ya Rufaa iliiondoa fidia hiyo mwaka 2023. Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.