Somo: Nyota mbili nzito zinazokaa karibu, na namna ya kufuata uzito wake hadi mwisho

Assalam aleikum wanakikundi. Wengi wenu wa Malindi na Watamu mmeniandikia mkitaka somo la nyota maradufu, zile nzito. Haya, chukueni daftari na kikokotoo cha simu. Chora safu mbili, A na B. Kila hatua tutaandika uzito wa kila nyota kwa kipimo cha Jua, na mwisho hesabu lazima ifunge. Nasema mapema: ukijua uzito wa nyota bila kujua jirani yake yuko umbali gani, bado hujui itakufa vipi.

Hatua ya 1: Chagua jozi

Andika A = 20, B = 8, mzunguko siku 4. Ukipiga hesabu, nyota hizo ziko umbali wa kama kilomita milioni 22. Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na Jua, iko kilomita milioni 58. Ndiyo maana tunasema zinakaa karibu.

Anayetaka ya kuiona kwa macho atoke nje mwezi wa Mei, saa tatu usiku. Karibu na utosi, kidogo upande wa kusini, ipo Spica, yenye weupe wa kibuluu, katika buruji ya Sumbula. Macho yanaona moja, lakini ni mbili, zinazungukana kwa siku 4. Ni nyepesi kuliko za mfano wetu, ila ukaribu ni wa aina hiyohiyo.

Wala si jambo la nadra. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kuwa zaidi ya asilimia 70 ya nyota nzito kabisa, zile za aina ya O, zitapeana gesi na mwenzake katika maisha yake.

Hatua ya 2: Subiri A imalize hidrojeni

Nyota nzito hula haraka. A humaliza hidrojeni ya kiini kwa miaka kama milioni 8, wakati Jua letu limepewa takriban bilioni 10. Ikimaliza, inavimba. Peke yake ingevimba ipendavyo. Hapa haiwezi, kwa kuwa kila nyota katika jozi ina mpaka wake, uliohesabiwa na Mfaransa Édouard Roche karne ya 19. Gesi ikivuka mpaka huo inakuwa mali ya jirani.

Hatua ya 3: Hamisha uzito

Hapa ndipo penye utamu, msiharakishe. Tuchukulie hakuna gesi inayopotea angani (kwa kweli nyingine hupotea, lakini tuanze na hesabu rahisi). A inatoa ganda lake lote na kubaki kiini cha heli cha kama 5. B inapokea 15. Andika A = 5, B = 23. Jumla ni 28 kama mwanzo.

Je, mzunguko? Kanuni ni hii: zidisha uzito wa A kwa wa B, kabla na baada. Gawanya cha kabla kwa cha baada, kisha jibu liweke kwenye kipeo cha tatu (yaani jibu × jibu × jibu).

Katikati ya safari, zikiwa sawa, 14 kwa 14: 160 ÷ 196 ni 0.82, na kipeo chake cha tatu ni 0.54. Siku 4 zinakuwa kama 2.2. Yaani A inavyozidi kutoa ndivyo zinavyosogeleana, na mpaka wake unambana zaidi, atoe zaidi. Kwa hiyo sehemu hii huenda mbio sana.

Mwisho, 5 kwa 23: 160 ÷ 115 ni 1.39, kipeo cha tatu 2.7. Siku 4 zinakuwa karibu 11. Zimeachana tena.

Anayeona ni hesabu za kubuni tu aangalie Gamma Velorum, nyota ya kusini inayoonekana vizuri kutoka pwani yetu. Kuna moja iliyovuliwa ganda, aina ya Wolf-Rayet, ya Majua kama 9, na mwenzake wa karibu 28. Yule mwepesi ndiye aliyezeeka zaidi.

Hatua ya 4: Lipua A

A inalipuka kama supanova na kuacha nyota ya nyutroni (kiini kidogo mno kilichoshindiliwa) ya kama 1.4. Zimepotea 3.6 kati ya 28. Sheria: jozi ikipoteza ghafla zaidi ya nusu ya uzito wake wote, inavunjika. Hapa haijafika hata robo, kwa hiyo zinabaki pamoja, isipokuwa mlipuko uegemee upande mmoja na kuipiga nyutroni teke. Sasa jaribu kulipua A ikiwa bado na 20: ungepoteza 18.6, na talaka ingekuwa hapohapo.

Hatua ya 5: Tafuta eksirei

B inapuliza upepo wa gesi, nyutroni inaunasa, gesi inapata joto la mamilioni ya nyuzi na kutoa eksirei. Hewa ya Dunia huzizuia, hivyo lazima upande juu. Walipanda kutokea hapa kwetu: setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, na ikaitwa hivyo kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Ndiyo iliyobaini kwamba Centaurus X-3, jozi inayotoa eksirei, inapiga kila sekunde 4.8 na kufichwa nyuma ya mwenzake kila baada ya siku 2.1. Hatua yetu ya 5 kabisa.

Hatua ya 6: B ivimbe

Nyutroni ya 1.4 haiwezi kupokea mzigo wa nyota ya 23. Gesi inazifunika zote mbili, na nyutroni inazama ikizunguka ndani yake. Ama zinaungana, ama gesi inatupwa nje na kubaki jozi yenye mzunguko wa saa chache. B nayo ikilipuka bila kuvunja jozi, unapata nyutroni mbili, kama zile zilizogunduliwa na wanaastronomia Hulse na Taylor mwaka 1974, zenye mzunguko wa saa 7.75.

Maswali ya wanachama

*Mvuvi wa Ngomeni:* Maalim, ni kweli setilaiti ya hapa ndiyo iliyogundua shimo jeusi?

Nusu kweli, kaka. Shimo jeusi unalolisema, Cygnus X-1, lilishaonekana kwa roketi mwaka 1964. Uhuru ilionyesha kuwa eksirei zake zinayumba kwa kasi sana, dalili ya kitu kidogo mno. Kisha wanaastronomia Webster na Murdin, na Bolton kivyake, wakapima mwendo wa nyota jirani, wa siku 5.6, wakaona kitu kisichoonekana ni kizito kupita kiasi. Kipimo cha 2021 kinasema Majua 21. Ni hadithi yetu hii, ila A ilikuwa nzito zaidi.

*Binti Shela:* Kwa nini B isilipuke kwanza, na sasa ndiyo nzito?

A ilishamaliza hidrojeni kabla ya kutoa. Kumpa mtu ganda lako hakurudishi umri wa kiini.

*Fundi wa Barani:* Nyutroni mbili hizo mwisho wake nini?

Hugongana. Tarehe 17 Agosti 2017 mitambo ya mawimbi ya mvutano ilinasa mgongano kama huo, umbali wa miaka ya nuru kama milioni 130, na katika mwanga wake wataalamu wakaona alama za metali nzito zikiumbwa. Dhahabu ni ya ukoo huo. Zile za Hulse na Taylor zina miaka kama milioni 300 bado.

*Mwanafunzi wa Kidato cha Nne:* Nimechagua 15 na 14, siku 3. A ikabaki 4, B 25. Nimepata siku 6.3.

Umeanza vizuri: 210 ÷ 100 ni 2.1. Umesahau kipeo cha tatu. 2.1 × 2.1 × 2.1 ni 9.3, kwa hiyo ni karibu siku 28. Ila jozi yako ina jambo: B ya 14 imeanza karibu sawa na A, nayo iko mbioni kumaliza hidrojeni. Kabla ya kulipua A, angalia kwanza kama B haijaanza kuvimba.